Nilienda mjengo Mamboleo kuona chuma kikichomelewa, sikuona hata cheche moja

FundiGeti_Kondele
Jumamosi, saa 3:10 usiku

Habari za jioni. Mimi ni welda, karakana yangu iko Kondele hapa Kisumu, natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya deka. Mwezi uliopita wazee wa kanisa fulani upande wa Ahero walikuja kuniuliza kama naweza kuwajengea ukumbi wa chuma, upana mita 15, usiwe na nguzo hata moja katikati. Mdomo ukasema "tutaweza", tumbo likasema lingine. Chuma nakijua, lakini chuma cha kusimama juu ya vichwa vya waumini si geti.

Shemeji yangu huendesha tipa ya kokoto. Yeye ndiye aliyeniombea kwa foremani wa godauni moja linalojengwa huku Mamboleo, nikae siku moja niangalie wakisimamisha fremu. Nikalala na furaha, nikijua kesho nitaona mawelda wakubwa wakichoma angani.

Nilikuwa pale saa moja asubuhi hadi saa kumi. Hakuna aliyewasha mashine ya kuchomelea siku nzima.

Nianze langoni. Askari hakuniangalia uso, aliangalia miguu. Nilikuwa na akala. Akaniuliza kama nimekuja mjengo au naelekea ufuo wa Dunga kuoga. Nikaazimwa buti namba 10, mimi navaa 8, nikapewa kofia ngumu na riflekta, nikaambiwa nisipite chini ya kitu chochote kinachoning'inia hata kama ni ndoo. Siku nzima nilitembea kama bata.

Godauni lina upana wa mita 18 na urefu wa mita 36. Fremu ni saba, moja kila baada ya mita 6. Kila fremu ni nguzo mbili na kombamoyo mbili zinazokutana kileleni. Nilikuta misingi 14 ya konkriti, kila mmoja umetoa boliti nne juu, na chuma kimelazwa kwenye mbao, kila kipande kimeandikwa kwa rangi nyeupe: N1, N2, K1, hivyo hivyo hadi mwisho. Kuchomelea kote kuliisha karakana. Matundu yametobolewa huko, rangi imepigwa huko. "Sisi hapa tunafunga tu," foremani akasema.

Kumbe hiyo "kufunga tu" ndiyo kazi yenyewe.

Saa nzima ya kwanza kreni ilikaa imezimwa, na dereva wake analala. Foremani na kijana mmoja walikuwa wanapima boliti za msingi upya, zote 56, kwa utepe, kamba na leveli ya miguu mitatu. Nikauliza, si mlipima wakati wa kumwaga konkriti? Akasema walipima, tena boliti zilishikwa na kigezo cha plaiwudi chenye matundu kamili, na kila boliti iliachiwa bomba kuizunguka ili iweze kusukumwa kidogo. Lakini konkriti ikimwagwa na mashine ya kutetemesha ikiingia, vitu husogea. Boliti ni ya milimita 24 na tundu la bamba la chuma lililo chini ya nguzo ni milimita 30. Ukihesabu hapo, una milimita tatu kila upande, basi.

Msingi mmoja wa fremu ya tano ulikuwa umekosea milimita 20. Mimi kwa kiherehere nikasema, "Leteni gesi ya kukatia tupanue tundu la bamba." Foremani alinitazama kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. Akapiga picha, akampigia injinia, na kazi ikaanza upande mwingine wa jengo.

Nguzo ya kwanza ilinyanyuliwa saa mbili na nusu. Ni ya kilo 46 kwa mita, urefu mita 6, kwa hivyo karibu kilo 280 kabla hujahesabu bamba. Iliposhuka kwenye boliti nikaona mwanga unapita chini yake! Bamba haligusi konkriti. Limekalia vipande vidogo vya chuma vilivyopangwa kama sarafu, pengo kama upana wa vidole viwili. Nikafikiri ni kosa lingine. Kumbe linaachwa makusudi ili nguzo ipandishwe au ishushwe hadi usawa utimie, halafu fremu ikishanyooka pengo linajazwa grauti isiyonywea, yaani uji wa saruji usiosinyaa ukikauka. Konkriti haiwezi kusawazishwa hadi milimita moja, ndiyo maana.

Kombamoyo mbili zilifungwa chini kwanza, kilele kikiwa tayari, zikapanda kama kitu kimoja cha kilo mia saba na zaidi. Vijana wawili wameshika kamba ndefu za kuziongoza zisizunguke. Mtu mmoja tu ndiye anayempa dereva wa kreni ishara za mkono. Wengine mkiropoka hamsikilizwi, isipokuwa ishara ya kusimama, hiyo hata mimi mgeni wa akala naruhusiwa.

Huko juu kuna spana ambayo sikuwahi kuiona: upande mmoja ni spana ya kawaida, upande wa pili ni ncha ndefu iliyochongoka. Unaingiza ncha kwenye matundu mawili yasiyokutana vizuri, unakaza mkono, matundu yanakuja pamoja, boliti inapita la pili. Jamaa anafanya hivyo akiwa amejifunga mkanda wenye kulabu mbili. Akisogea anafungua moja, nyingine ikiwa bado imeshika.

Sasa hapa ndipo nilifunguka macho. Fremu ya kwanza ikiwa imesimama, kreni haikuiachia hadi ifungwe nyaya za chuma pande zote mbili. Ya pili vilevile. Halafu badala ya kukimbilia ya tatu, wakafunga zile pao za juu kati ya hizo mbili, na vyuma vya mkingamo vinavyopishana kama herufi X, ukutani na paani. Boliti zote bado zimelegea. Wakapima timazi, wakavuta nyaya, wakapima tena. Ndipo wakakaza. Foremani akaniambia ukikaza moja moja unapopanda, upindo wa kwanza unafungiwa ndani na utaulipa kwenye tundu la mwisho.

Hizo fremu mbili zilizoshikana ndizo mama wa jengo. Zingine tano zinakuja kuegemea hapo. Nikakumbuka geti: ukitengeneza geti bila chuma cha kukata kona hadi kona, miezi mitatu linainama na mwenye nyumba anakupigia simu. Ni jambo lile lile, ila hili likiinama hakuna wa kupiga simu.

Saa nane upepo wa ziwa ukaanza. Foremani akaangalia vumbi, akaangalia kamba, akasimamisha kreni, ingawa inakodishwa kwa saa na mtu wa mwenye mali alikuwa pale anasonya.

Swali langu kwenu: hiyo kazi ya kanisa niichukue?

---

KaziNiKazi
Jumamosi, saa 3:42 usiku

Chukua omera. Hao wa kreni wanajifanya. Mimi nimepanua matundu kwa gesi miaka kumi na miwili, kuanzia Busia hadi Ahero, na hakuna jengo langu limelala.

---

TimaziSafi
Jumamosi, saa 4:05 usiku

Mimi ni injinia wa miundo, niko Nakuru. FundiGeti, umeangalia vizuri kuliko wanafunzi wengi ninaoletewa.

KaziNiKazi, ndugu yangu, tatizo la tundu la gesi si sura mbaya. Tundu lililotobolewa ni duara, boliti inalala kwenye ukingo wake sawasawa. La gesi lina meno meno, boliti inagusa sehemu moja au mbili, na ukingo wenyewe umeungua na kuwa mgumu wenye nyufa ndogo. Pia likishakuwa pana, washa ya kawaida, kile kibati cha chini ya nati, haina pa kukalia. Jengo halilali siku hiyo. Linangoja upepo wake.

Kwa msingi uliokosea milimita 20, mimi ningechora bamba jipya lenye tundu refu, na juu yake washa nene ya mraba inayochomelewa baada ya nguzo kunyooka. Lakini ningehesabu kwanza. Kitu kibaya kuliko gesi ni kile nilichokiona mara mbili: mtu kuipinda boliti ya msingi kwa nyundo hadi iingie.

---

KaziNiKazi
Jumamosi, saa 4:11 usiku

Hayo ni ya vitabuni. Mteja wa kijijini hana pesa ya bamba jipya.

---

TimaziSafi
Jumamosi, saa 4:20 usiku

Ana pesa ya kigezo cha plaiwudi? Hicho ndicho kingemzuilia gharama ya bamba.

---

MamaSufuria_Mamboleo
Jumamosi, saa 4:31 usiku

Nadhani najua mjengo huo, ndio nauza chakula mbele yake, na wewe ndiwe yule wa buti kubwa 😂 Ulikula ugali na omena sahani mbili. Hao vijana wa juu hawali mchana, wanakunywa chai tu, wanakula wakishashuka. Niliwauliza mbona, wakasema tumbo likijaa mkanda unabana.

---

MsukumaWaZiwa
Jumamosi, saa 4:50 usiku

Salamu kutoka Mwanza. Hiyo unayoita kombamoyo si ndiyo kenchi?

---

FundiGeti_Kondele
Jumamosi, saa 5:02 usiku

Hapana kaka. Kenchi ni ile ya vipande vingi vidogo vilivyounganishwa pembetatu pembetatu. Hii ni chuma kimoja kizima, tumbo jembamba na mbavu mbili, na pale kinapokutana na nguzo kimeongezewa kabari ndefu chini yake, kama kwapa lililojaa. Mama Sufuria, nakusalimu. Zilikuwa sahani tatu.

---

TimaziSafi
Jumamosi, saa 5:15 usiku

Hilo kwapa ndilo linalobeba kila kitu. Kwenye kenchi, nguzo na paa ni vitu viwili, paa limezikalia nguzo tu. Kwenye fremu ya aina hii nguzo na kombamoyo zinashikana kama mkono ulioganda kwenye kiwiko, kwa hivyo mzigo wa paa unataka kusukuma vichwa vya nguzo nje na kuvunja kiwiko. Ndiyo maana hapo chuma kinanenepeshwa na boliti zinakuwa nyingi. Na ndiyo maana hapo si pa kubahatisha.

Kuhusu boliti: angalia namba iliyo kwenye kichwa chake. Ukiona 8.8 maana yake inavutwa hadi megapaskali 800 ndipo ikatike, na inaanza kurefuka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hiyo. Ya 4.6 ni nusu ya nguvu hiyo, na ukubwa ni ule ule, nati ni ile ile. Dukani zinachanganywa kwenye ndoo moja. Mkaguzi akija, kitu cha kwanza ninachotaka aone ni namba hizo. Cha pili, walau uzi mmoja mzima uwe umetokeza nje ya nati.

---

Mwanafunzi_wa_Poli
Jumapili, saa 1:20 asubuhi

Shikamooni. Nasoma diploma ya ujenzi hapa Kisumu, mwaka wa pili. Sijawahi kuona fremu ikisimamishwa, tunachora tu. Kila mjengo naambiwa niondoke. FundiGeti ulifanyaje zaidi ya shemeji?

---

FundiGeti_Kondele
Jumapili, saa 2:00 asubuhi

Shemeji ndiye kila kitu, sitakudanganya. Lakini foremani aliniambia wanafunzi hukataliwa kwa sababu wanakuja bila barua na bila bima, na mtu akiumia ni yeye anayeulizwa. Leta barua ya chuo, bima, buti zako na kofia yako. Soma namba ya mradi kwenye bango la mbele ili uonekane unajua uko wapi. Na nenda siku ya kreni. Siku zingine utaona watu wakisugua kutu.

---

Mzee_wa_Stesheni
Jumapili, saa 3:33 asubuhi

Vijana, nimesoma nikacheka. Hicho mnachokiona kipya Mamboleo, mji huu ulikiona kabla ya babu zenu. Reli ilifika hapa 1901 na mahali pakiitwa Port Florence. Meli za zamani za ziwa, kina Usoga na Rusinga, ziliundwa Uskoti, zikafungwa kwa boliti kwanza kule kiwandani, kila kipande kikapigwa namba, zikafunguliwa, zikapanda meli kubwa hadi Mombasa, zikaja huku kwa reli zikiwa vipande, zikaunganishwa tena hapa Kisumu. Hata MV Uhuru, ile ya kubeba mabehewa, ilikuja hivyo hivyo miaka ya 1960.

Tofauti ni kwamba zile kongwe zilipigiliwa ribiti. Chuma kinapashwa moto hadi kiwe chekundu, kinaingizwa tunduni, kinapigwa kichwa upande wa pili, kikipoa kinajivuta na kubana. Tundu likikosea, ribiti haiingii. Walioandika namba zile hawakuwahi kuliona ziwa, na vipande vilikutana.

---

MsukumaWaZiwa
Jumapili, saa 3:50 asubuhi

Shikamoo mzee. Huku Mwanza nasi zipo za hivyo, MV Victoria ilikuja kwa vipande pia.

---

Nyakwar_Kano
Jumapili, saa 5:12 mchana

Mimi nauliza la ardhi. Ukumbi uko Ahero, na mimi nyumbani ni uwanda wa Kano. Udongo wetu ni ule mweusi. Jua likiwaka unapasuka hadi unaingiza mkono, mvua ikija unavimba. Nyumba ya mawe ya mjomba imepasuka kutoka dirishani hadi pembeni. Chuma kitapona?

---

TimaziSafi
Jumapili, saa 7:40 mchana

Umeuliza swali ambalo FundiGeti hakuuliza, na ni zito kuliko yote ya juu.

Chuma kina faida moja hapo: ni chepesi kuliko mawe na hakipasuki msingi ukisogea kidogo. Lakini wepesi huo una upande wa pili. Upepo mkali ukiingia chini ya mabati, hasa ukumbi wenye milango mikubwa iliyo wazi, unaunyanyua. Kwa hivyo msingi wa jengo la chuma mara nyingine haupigwi mkubwa ili libebwe, unapigwa mkubwa ili lisiruke. Boliti zile za milimita 24 zinavuta kwenda chini kama nanga.

Kwa udongo mweusi lazima uchimbe hadi uupite, au uuondoe na kujaza maramu iliyoshindiliwa, na maji ya paa yapelekwe mbali. Kina hakisemwi kwenye simu. Chimba shimo mbili tatu za majaribio kwanza.

---

KaziNiKazi
Jumapili, saa 8:05 mchana

Na moto? Mawe hayaungui.

---

TimaziSafi
Jumapili, saa 8:30 mchana

Swali zuri, nakupa hilo. Chuma hakiungui, ila kinalegea. Kikifika nyuzi joto 550 hadi 600 hivi za Selsiasi kimepoteza karibu nusu ya nguvu zake, na moto wa viti vya plastiki na mapazia unafika hapo. Kwa ukumbi wa chini tu, usio na ghorofa juu, la muhimu ni milango ya kutosha inayofunguka kwa nje ili watu watoke mapema. Godauni la magodoro ni hadithi nyingine.

---

MamaSufuria_Mamboleo
Jumatatu, saa 12:50 jioni

Leo wameleta bamba jipya la ule msingi uliokosea. Foremani amekuwa na uso wa sikukuu tangu asubuhi. Fremu nne ziko juu.

---

FundiGeti_Kondele
Alhamisi, saa 2:15 usiku

Nimerudi na habari. Jana nilipanda matatu hadi Ahero nikawaambia wazee ukweli: kufunga naweza, kuchomelea naweza, kuhesabu siwezi. Nilidhani watanifukuza. Mzee mmoja akauliza kama injinia anakula pesa nyingi. Nikamwambia anakula mara moja, paa likianguka linakula kila mwaka. Wakanyamaza, mwenye hazina akaandika kitu kwenye daftari.

Wamekubali kulipia mchoro na mashimo ya majaribio kwanza, kazi yangu itafuata ikiwa bei itawafaa. TimaziSafi, nimekutumia ujumbe wa faragha. Mimi nitachukua utengenezaji na kufunga, kreni nitakodi kwa asubuhi tu, ikifika saa sita mchana iondoke kabla upepo wa ziwa haujaamka. Kigezo cha plaiwudi nitatoboa mwenyewe, na nimeshaahidi kupima boliti mara mbili, kabla ya konkriti na siku inayofuata kabla haijakomaa sana.

KaziNiKazi, ukipenda njoo tufanye kazi pamoja, mikono yako inajulikana. Mtungi wa gesi uache nyumbani.

---

KaziNiKazi
Alhamisi, saa 2:40 usiku

Nitakuja. Mtungi nitauleta, wa kukatia mabati mabovu. Usianze.

---

FundiGeti_Kondele
Alhamisi, saa 2:44 usiku

Haya. Kitu kimoja cha mwisho: natafuta buti za mjengo namba 8, zenye chuma mbele, hata za mtumba. Nimezunguka soko la Kibuye lote, nakuta 10 na 11 tu.